Barua ya wazi kwa wanangu wa baraza

Wanangu, Assalamu alaykum.

Jumanne baada ya alasiri nilitoka Kibokoni, hapa Mombasa, kwenda kununua viazi vya karai. Daktari alikwisha kunikataza, lakini hilo ni langu na daktari. Mama anayekaanga pale kona akanitilia viwili, akavimwagia ukwaju, akavikunja katika karatasi. Naketi barazani, nafungua mkunjo, na chini ya kiazi naona beti za shairi. Ukurasa niliujua kabla sijavaa miwani. Pembeni pana mwandiko wangu wa penseli, wa tangu ujana: "hapa ametuweza."

Vitabu 41 nilivileta barazani mwaka jana kwa mkokoteni, nikavipanga kwenye rafu kwa mikono yangu, visomwe. Mmeviuza kwa kilo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, karatasi haikosi mnunuzi, nanyi mkaijua biashara hiyo upesi kuliko mlivyojua kilichoandikwa ndani. Mama wa karai hana kosa, asisumbuliwe na mtu. Yeye alinunua karatasi.

Pesa mmenunulia spika. Mngeniambia! Mimi si adui wa muziki. Katika harusi za mji huu nimekesha macho makavu nikisikiliza udi na fidla, na taishokoto, ile ala ya Kijapani ambayo wapigaji wetu wameifanya kama imezaliwa Mombasa. Lakini hiyo spika yenu nimeisikiliza wiki nzima kupitia dirisha langu. Wimbo unaanza, ala hazijamaliza kuitana, mwimbaji hajafungua kinywa, mmekwisha kuubadilisha. Unakuja mwingine, nao mnaukata. Taarabu ni shairi linaloimbwa. Fumbo lake aghalabu liko ubeti wa tatu au wa nne. Zamani mtu aliinuka na noti yake kwenda kumtuza mwimbaji pale pale neno lilipompata. Nyinyi mtamtuza kwa lipi, na hamjamsikia?

Narudi kwenye karai. Nilikasirika, nikaomba kahawa tungu, nikaanza kusoma.

Shairi lilikuwa tarbia, mishororo minne kila ubeti, mizani, yaani silabi, 16 kila mshororo, nane ukwapi, kipande cha kwanza, na nane utao, kipande cha pili. Tone la ukwaju limeangukia mwisho wa mshororo wa pili na kulifunika neno zima. Mafuta nayo hayafuti wino, ila huifanya karatasi ionyeshe upande wa pili, kwa hiyo herufi za ukurasa wa 48 zimepandana na za 47 kama watu kwenye feri ya Likoni. Nikasema haidhuru, shairi lina vina, litajitibu lenyewe. Kina cha mwisho ni -ma. Nikahesabu mizani kwa vidole: zimebaki tatu. Nikajaribu "lawama", ikaingia. Nikajaribu "huruma", nayo ikaingia. Moja yamfanya mwenye kusema kuwa mshitaki, ya pili yamfanya mwombaji, na ubeti mzima wapinduka hivyo hivyo juu ya neno moja lililolowa ukwaju. Muuza kahawa akasogea na dele lake, akasema si hiyo wala si hiyo, ni "dhuluma". Tukabishana mpaka adhana ya magharibi. Viazi vilipoa, sikuvijali, mimi niliyewakemea wajukuu kila asubuhi kwa kuacha mahamri yapoe.

Raha ile, wanangu, ndiyo niliyowaletea kwa mkokoteni.

Tena ndani ya rafu ile mlikuwa na mashairi ya Abdilatif Abdalla. Mtoto wa Mombasa hii hii, alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa waraka wa kuikosoa serikali. Gerezani aliyaandika kwenye karatasi za chooni, na 1973 yakatoka diwani. Yeye karatasi ya chooni aliifanya kitabu. Nyinyi, wenye afya, wenye kivuli, wenye upepo wa bahari, kitabu mmekifanya karatasi.

Lakini nisiwatwike nyinyi peke yenu. Sisi wazazi ndio tuliowaonyesha kwamba kitabu ni cha mtihani. Tunakinunua kwa manung'uniko, mtoto anakipigia mistari, mtihani ukipita kinarushwa juu ya kabati pamoja na sufuria zilizotoboka. Mama zenu huroweka mbaazi usiku, hukanda unga kwa tui na iliki, wakaufunika uumuke, wala hakuna aliyewahi kuwauliza hiyo kazi ina mtihani gani. Asubuhi mwala, mwaramba vidole. Mbona kusoma ndiko lazima kuwe na cheti mwisho wake?

Haya, mengine nayataja tu. Dafu linywewe pale pale lilipofunguliwa. Kahawa tungu isitiwe sukari. Kashata iko kwa kazi hiyo. Mwenye vidole vya mafuta asiguse kitabu, na hili nalisema mimi niliyekigusa changu. Spika izimwe saa nne usiku, kuna wagonjwa mtaani. Wala msiiuze, mmeshauza ya kutosha.

Pesa sizitaki. Ukurasa wa 47 na 48 ninao, nimeufuta kwa kitambaa na kuukandamiza chini ya msahafu. Shairi laendelea ukurasa wa 49. Niliuliza kwa mama wa karai, akaniambia mafungu mengine yalichukuliwa na muuza njugu wa Makadara. Kesho baada ya asri nakwenda huko. Anayetaka kufuatana nami anigongee mlango, aje na pesa za njugu, maana nadhani tutalazimika kula nyingi.