Gunia ni kilo ngapi? Mtuambie kabla hatujaandika programu

Mhariri, mbukwenyi. Kila mfumo wa kompyuta ukigoma hapa Dodoma analaumiwa kijana wa IT. Mi ndo kijana mwenyewe, naomba nijitetee kidogo.

Tulipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa soko moja la nafaka huku mkoani, silitaji. Nikapita na daftari kwa mmoja mmoja, wakulima, madalali, watu wa ushuru, makuli, wote wakasema mfumo uhesabu gunia. Nikaandika "mfumo utahesabu gunia", wote wakasaini, nikarudi zangu Nkuhungu nikajifungia miezi mitatu.

Siku ya majaribio akaja mama na gunia kumi za mahindi toka wilaya ya jirani, lumbesa tupu, yaani yamejazwa kupita kipimo. Mizani ikasoma kilo 1,240. Sasa mkulima akisafirisha mazao yasiyozidi tani 1 toka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru, na kwa vipimo halali gunia lisizidi kilo 100, kwa hiyo ukihesabu gunia mama kasalimika, ukihesabu kilo anadaiwa. Mtu wa ushuru akadaka kilo. Dalali aliyekuwa ananunua akang'ang'ania gunia. Ila aliyenichosha ni mama mwenyewe, kwenye kulipwa anataka kilo, kwenye kulipa anataka gunia! Na simlaumu, hata mi ningefanya hivo hivo. Makuli nao wakadai gunia la lumbesa lihesabiwe moja na nusu sababu mgongo ni wao.

Kosa langu nakubali. Mwongozo wa IEEE 830 wa mwaka 1998, wa kuandika mahitaji ya programu, tulifundishwa darasani, mahitaji yasigongane na kila neno liwe na maana moja tu, na Barry Boehm, mtaalamu wa uhandisi wa programu, toka 1989 alishasema kila mdau aeleze ushindi kwake ni upi halafu ndo wapatane. Mi niliuliza mnataka nini, sikuuliza ili iweje, tena nikawauliza wakiwa mbalimbali ambako neno gunia haliwezi kugombanisha mtu.

Tukaja kukaa wote kwenye mabenchi ya mama ntilie nje ya geti, masaa manne, chai na chapati juu yangu. Tukakubaliana mfumo utunze kilo za mizani, ushuru utokane na kilo, gunia libaki idadi ya mizigo kwa ajili ya makuli. Bei ndo ikatushinda.

Kwa hiyo ombi langu kwa maofisi, na tangu serikali ihamie huku tenda za mifumo haziishi, tenda iwe na siku ya wadau wote kukaa chumba kimoja kabla programu haijaanza kuandikwa, na atajwe mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho wakishindwana. Sisi huyo mtu hatukuwa naye. Dalali alikunywa chai vikombe vitatu, akagoma kusaini bei kwa kilo, na mpaka leo kitufe chake kipo kwenye skrini kimepauka, hakibonyezeki.

Mwandika programu,
Nkuhungu, Dodoma