Tuambieni mlango uko wapi

Mhariri,

Kila polisi wanapovamia mangwe na kumwaga mnazi, magazeti hutuonyesha mitungi iliyovunjwa, na chini ya picha pana mkubwa fulani anayewahimiza vijana "watafute usaidizi". Usaidizi gani, na mlango wake uko wapi, hasemi. Mimi ni mmoja wa waliokwenda kuutafuta hapa Mombasa. Ndiyo maana nakuomba nafasi ndogo kila Jumamosi, hata iwe pembeni mwa matangazo ya vifo: chapisha siku, saa na jengo inapofanyika mikutano ya Alcoholics Anonymous, AA kwa ufupi, yaani walevi wanaosaidiana kuacha pombe, katika Pwani yetu.

Kilichonichosha ni kutafuta, si kwenda. Hospitali moja ilinipa karatasi ya kituo cha kurekebisha tabia ambacho ada yake ya mwezi mshahara wangu haungeifikia. Mzee wa mtaa alinishauri nioe. Aliyenielekeza mwishowe ni dereva wa tuktuk aliyenisikia kwenye simu nikimkatalia jamaa mwaliko wa kunywa. Akaniambia naye yumo, akanitajia ukumbi na saa, basi. Je, yule ambaye hakupanda tuktuk ile?

Najua kimya hicho kina sababu. AA ilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, kwa walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, na kwa desturi yake wanachama hawajitangazi wala hawataji majina yao magazetini. Ni haki yao, na mji kama huu, ambapo habari hukutangulia nyumbani, unaihitaji siri hiyo. Lakini kinachofichwa ni jina la mtu. Ukumbi na saa havina aibu ya kusitiriwa.

Nilidhani ningehubiriwa au kuandikishwa. Hapakuwa na kadi, daftari wala ada. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha kunywa. Si lazima uwe umeshaacha. Viti vya plastiki vilipangwa duara, chai ya rangi ikawekwa pembeni, mmoja akasoma utangulizi. Kisha kila aliyetaka alitaja jina lake la kwanza, akasema yeye ni mlevi, akaeleza yake. Jambo lililonishangaza ni kwamba mtu akimaliza hakuna anayemjibu. Hakosolewi wala hapewi ushauri. Anashukuriwa, zamu inakwenda kwa mwingine. Sisi tuliozoea vikao vya ukoo, ambapo mlevi huwekwa kati na kila shangazi akatoa dukuduku lake, kusikilizwa namna ile ni jambo geni kabisa. Zamu yangu ilipofika nilisema sina neno, ikapita. Kikapu kilizungushwa, nami nikaambiwa mgeni halazimiki kutia kitu. AA haipokei fedha za watu wa nje, kwa hiyo hapakuwa na mfadhili wala mwanasiasa wa kupigiwa makofi. Kwa kaunti zetu, hilo peke yake linafaa nauli.

Mimi ni Mwislamu, na ukumbi ni wa kanisa. Kanisa linatoa chumba tu, na hatua 12 wanazozifuata zinamwachia kila mtu amwelewe Mungu kwa imani yake. Hata hivyo nina wenzangu ambao hawatavuka geti lile, kwa kuwa kwao kuonekana hapo ni maswali mawili badala ya moja. Wengine watakwazwa na lugha, maana mengi yalisemwa kwa Kiingereza, ingawa nilipoanza kuzungumza Kiswahili baada ya mkutano wote waligeukia Kiswahili bila taabu. Misikiti ina madrasa zinazokaa tupu usiku, na shule zina madarasa. Kundi jipya halingoji kibali cha mkubwa yeyote: walevi wawili watatu wanaotaka kuacha, na chumba, vinatosha. Kwa hiyo ombi langu linawahusu pia maimamu na walimu wakuu wanaosoma ukurasa huu. Toeni chumba saa moja kwa wiki, na msiingie kuhutubu.

Kuna tahadhari ambayo ukichapisha ratiba ni vyema uiambatanishe. Anayezimua kila asubuhi ndipo mikono itulie asiache ghafla peke yake nyumbani. Katika siku mbili tatu za kwanza anaweza kupatwa na degedege au kuweweseka, na hali hiyo huua. Huyo aanzie hospitali, mkutano ufuate. Na ambaye hajui hata pa kuanzia apige 1192, nambari isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Wake, waume na wazazi wa walevi nao wana mikutano yao, Al-Anon, ambayo haimtaki mlevi awe ameacha ndipo wao waje. Ikiwa ipo karibu nasi, iingize katika ratiba hiyo hiyo. Na mwandishi wako akienda kuuliza saa za mikutano, tafadhali aache kamera ofisini.

Jina limehifadhiwa,
Mombasa