Barua kwa mwanangu: kambale na maagano

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko Dodoma? Sisi huku Kirumba, Mwanza, tu wazima. Mbalamwezi imewaka siku hizi, mitumbwi ya dagaa imelala na mwaloni kumepoa. Ndiyo maana nimepata muda wa kukujibu. Swali kama lako sikutaka kulijibu kwenye simu huku nawapimia wateja kayabo, samaki wa chumvi.

Unasema mwenzako wa chumbani, Msabato, alikukuta unakula kambale akakufungulia Walawi 11: cha majini kisicho na mapezi na magamba, msile. Ukamjibu kwamba hayo ni ya Agano la Kale, yalishapita. Naye akakuuliza: mbona basi Amri Kumi mnazishika, na fungu la kumi mnatoa? Ukakwama. Huyo binti ana akili, mwanangu, na jibu ulilompa ni jepesi mno, ingawa hata mimi nimelisikia kanisani mara nyingi.

Shida inaanzia kwenye jina. Vile vitabu 39 tunaviita Agano la Kale, na lile agano la Sinai nalo tunaliita hivyo hivyo. Ndani ya vitabu hivyo maagano ni mengi. Lipo la Nuhu, la upinde wa mvua, ambalo Mungu alilifanya na kila chenye mwili. Lipo la Ibrahimu. Lipo la Sinai, ambapo Musa aliwanyunyizia watu damu. Lipo la Daudi na uzao wake. Waebrania 8 inaposema la kwanza limechakaa, inazungumzia la Sinai. La Ibrahimu halikuguswa: Paulo anawaambia Wagalatia kwamba torati ilikuja miaka 430 baadaye, na haiwezi kuitangua ahadi iliyoitangulia.

Halafu tafuta "agano jipya" limetajwa wapi kwanza. Ni Yeremia 31, miaka kama 600 kabla ya Kristo. Yesu aliposhika kikombe usiku ule akasema ni agano jipya katika damu yake, wale waliokaa naye mezani walikuwa Wayahudi, Yeremia walimjua. Ukivitupa vitabu vya kale umeitupa na ahadi ya hilo jipya. Alikuwapo mtu aitwaye Marcion aliyetaka kufanya hivyo, na mwaka 144 kanisa la Roma likamtenga.

Sasa msikilize Yeremia: "Nitatia sheria yangu ndani yao, na katika mioyo yao nitaiandika." Sheria yangu, anasema, wala haahidi nyingine. Kinachohama ni pale inapoandikwa.

Unakumbuka ile chaki mlangoni? Ulikuwa darasa la pili, nikaandika: USISHUKE ZIWANI PEKE YAKO. Ulikuwa unaisoma kwa sauti ukiwa umenuna. Mlango ule tulishaupaka rangi mara mbili. Lakini likizo iliyopita nilikuona pale kwenye mawe, umedaka mkono wa mtoto wa jirani kabla hajateleza, na mazungumzo yako hukuyakatisha. Nilisimama na ndoo yangu kichwani nikakutazama, nikakumbuka Yeremia.

Kuhusu kambale, suala lenyewe ni la zamani kuliko Mwanza. Watu wa mataifa walipoanza kuamini, wengine walitaka watahiriwe na kushika torati yote ya Musa. Mitume na wazee wakakaa Yerusalemu, yapata mwaka 49, habari yake iko Matendo 15. Wakaamua wasiwatwishe mzigo ule: wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, na damu, na vilivyonyongwa, na uasherati. Sisi Wasukuma tumeingia kwa mlango huo. Torati ya vyakula walipewa Israeli, na mimi sina ruhusa ya kumcheka Myahudi anayeishika; Paulo ametuonya kwamba sisi ni matawi yaliyopandikizwa, na shina ndilo linalotuchukua.

Wachungaji wengi hugawa torati mafungu matatu: ya maadili, ya ibada na ya mahakama. La kwanza linabaki, mengine yametimia. Mgawanyo huo unasaidia, lakini usimpigie mwenzako kelele nao, kwa sababu Musa hakuweka alama. Fungua Walawi 19: mstari wa 18 unasema mpende jirani yako kama nafsi yako, na wa 19 unakataza nguo ya nyuzi mbili zilizochanganywa. Mimi nasoma hivi: Yesu na mitume wameurudia kwa mkazo ule wa kwanza, wa pili hawakutufunga nao. Ninapima kwao.

Kwenye fungu la kumi mwenzako amenibana kidogo. Wapo wanaosema Ibrahimu alimpa Melkizedeki kabla ya Sinai, kwa hiyo linaendelea. Mimi natoa, ila anayenitisha kwa Malaki, kwamba asiyetoa anamwibia Mungu, namjibu kwa 2 Wakorintho 9: kila mtu kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa lazima.

Jirani yangu wa meza ya dagaa naye ni Msabato, unamjua. Kambale hamgusi, na Jumamosi hafungui. Jumapili ananiangalizia meza nikiwa ibadani, Jumamosi namwangalizia yake.

Kesho nampa kondakta wa basi la Dodoma mfuko wako. Ulitaka kambale wa kukaushwa, lakini chumba ni chenu wawili na sufuria ni moja. Nimeweka sato wanne na dagaa wa kutosha. Sato wana magamba, mwenzako anaweza kuyahesabu.

Mama yako