Barua kwa wanangu wa uzamili wa uhandisi: andikeni kazi yenu, jina la mradi tunalijua

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaosoma uzamili wa uhandisi, mlioko Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), kwenye vyuo vya DIT, MUST kule Mbeya, Nelson Mandela Arusha, na mlioko ughaibuni. Mimi ni mstaafu. Shughuli iliyonibakia ni kuitwa mara moja moja kwenye meza ya usaili, na kusoma wasifu ambazo wajukuu na rafiki zao hunitumia usiku kwa WhatsApp: "Babu, nipitie hii, mwisho ni kesho." Ninachowaandikia kinahusu wasifu hizo.

Nimechoka kusoma majina ya miradi. Mara reli ya SGR, mara daraja la Kigongo–Busisi, mara Bwawa la Julius Nyerere. "Nimeshiriki katika ujenzi wa bwawa la megawati 2,115." Sawa, baba. Bwawa tunalijua, na mitambo yake tisa ya megawati 235 kila mmoja tumeisikia redioni. Wewe ulifanya nini pale? Ulipima nini, ulikataa nini, uliamua nini siku mkuu wako hayupo? Wapishi wa kambi nao walishiriki, na bila wao zege lisingemwagwa.

Kijana mmoja alikuja mbele yetu akiomba nafasi ya uzamili. Wa ujenzi. Wasifu kurasa nne, umepangwa vizuri, programu za kompyuta zimejaa nusu ukurasa. Kazi yake ya miaka kadhaa ilikuwa mstari mmoja: "Mhandisi wa saiti, mradi wa barabara." Tukamuuliza swali la kawaida tu, atueleze siku moja ngumu saiti. Akasita, kisha akaanza kuongea kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Walikuwa wanajenga makalvati, njia za kupitisha maji chini ya barabara, kwenye barabara ya wilaya. Kyubu za siku 7, yaani vipande vya zege vya kupimia nguvu, zikavunjwa maabara, matokeo yakawa chini. Mnajua kwamba kwa saruji ya kawaida, siku ya 7 unatarajia karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Yeye alipata pungufu ya nusu. Mkandarasi akasema maabara imekosea, tuendelee. Kijana akasimamisha umwagaji wa kesho yake. Akaangalia saruji, ikawa sawa. Akaangalia maji, sawa. Akachukua mchanga, akautia kwenye chupa ya plastiki pamoja na maji na chumvi kidogo, akaitikisa, akaiacha itulie. Baada ya saa chache, juu ya mchanga limekaa tabaka nene la udongo. Dereva wa lori alikuwa amehama mto, kwa sababu ule wa karibu ulikuwa na maji mengi msimu ule. Wakarudi kwenye mchanga wa zamani, matokeo yakapanda.

Haya yote hayakuwemo kwenye kurasa nne.

Tukamuuliza: jaribio la chupa ulijifunzia wapi? Akainamisha kichwa. Kumbe kabla ya shahada alisoma stashahada, na kabla ya hapo sekondari ya ufundi, akafanya kazi kama fundi sanifu chini ya fomeni mmoja mkali. Ameyafuta yote, kwa sababu aliambiwa mtu akiona stashahada atadhani alifeli kidato cha sita. Wanangu, mficha uchi hazai. Kijana aliyepita Ifunda au Moshi Ufundi, akaenda Chuo cha Ufundi Arusha, akashika kazi, ndipo akaingia shahada, ana kitu ambacho wa moja kwa moja kutoka kidato cha sita atahitaji miaka kukipata. Wazee wengi waliotufundisha kazi walikuwa watu wa FTC, cheti cha fundi sanifu, kutoka Dar Tech, kile chuo cha 1957 ambacho leo ndicho DIT. Njia hiyo iandikeni juu kabisa, na miaka yake.

Jambo la pili lilinisikitisha zaidi. Andiko lake la utafiti lilihusu chembechembe za nano katika zege. Hakuna ubaya, ila hakuwa na maabara ya kufanyia, na nilipomuuliza kwa nini nano, alisema aliona wengine wanaandika hivyo. Swali lake la utafiti alikuwa nalo mkononi! Mchanga wa mito ya wilaya ile hubadilika vipi kati ya masika na kiangazi, na mkandarasi mdogo asiye na maabara aupime kwa njia gani ya kuaminika? Hilo ni andiko la uzamili, na mtu wa kulifanya ndiye aliyewahi kusimamisha lori.

Sisi wa nchi hii uhandisi wetu umejengwa juu ya vitendo. Zama za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, Dar ilikuwa na sheria, Makerere udaktari, na aliyetaka uhandisi alipanda basi kwenda Nairobi. Kitivo cha uhandisi Mlimani kilifunguliwa 1973, na mafunzo kwa vitendo yakawa sehemu ya shahada, si pambo. Leo naona wengine wanaiandika "PT" kwa herufi mbili na jina la kampuni, basi. Kama PT yako ilikuwa ya kutumwa chai, nyamaza. Kama ulifunga transfoma, ulisoma mchoro ukaona nondo zimepunguzwa, andika.

Halafu kuna hili la "tulifanya". Najua tumelelewa kutojisifu, na mtoto anayesema "mimi, mimi" mbele ya wakubwa huonekana hana adabu. Lakini msomaji wa wasifu anataka kujua nani aliamua. Kama uliamua wewe, sema "niliamua". Kama aliamua mhandisi mkazi na wewe ukatekeleza, sema hivyo hivyo, haikupunguzii kitu. Ila wale wa upande wa pili, wanaojipa kazi ya watu kumi, wajue kwamba wahandisi wa nchi hii wanafahamiana. Simu moja inatosha.

Madogo madogo niyapitie haraka. Ukiandika GPA, andika na kipimo chake. Kwetu 3.9 ni kati ya 5, daraja la pili la juu. Mmarekani aliyezoea kipimo cha 4 atadhani wewe ni malaika, kisha nakala ya matokeo ikifika ataona umemdanganya. Ujerumani ndiyo kabisa, alama bora ni 1, ukishuka hadi 4 ndio unapita kwa shida. Wanaoomba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, kwenye kozi zao za maendeleo, someni masharti: kwa kawaida wanataka angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada ya kwanza, na shahada isiwe imepita miaka sita. Kwa hiyo tarehe za kazi ziandikwe na mwezi. "2019–2021" inaweza kuwa miaka miwili au miezi kumi na tatu.

Na tafadhali, msijiite Mhandisi mbele ya jina kama hamjasajiliwa. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 haitanii. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inakuandikisha kwanza Mhandisi Mhitimu, unapita miaka mitatu ya mafunzo ya SEAP, mafunzo ya kazini ya wahandisi wahitimu, chini ya mhandisi anayekulea, ndipo unaomba kuwa Mhandisi Mtaalamu. Cheti cha uzamili hakikupi muhuri. Nimekutana na vijana wenye uzamili wawili na logibuku, daftari la kumbukumbu za kazi, tupu, wanahangaika kukumbuka walichofanya Machi ya mwaka juzi. Jazeni kila wiki, hata mistari mitatu, na msimamizi asaini akiwa bado yupo. Mradi ukiisha mkandarasi anafungasha, Mturuki wako anarudi Istanbul, Mchina wako anahamishiwa Zambia, na barua pepe ya kampuni inafungwa. Barua ya utambulisho iombeni wiki ya mwisho ya kazi, mkiwa bado mnakula naye ugali, mkimkumbusha kwa maandishi mambo mawili matatu mliyofanya, maana naye ana vijana ishirini.

Yule wa makalvati tulimpokea. Tulimwambia aende akaandike upya vyote viwili, wasifu na andiko, na kabla ya kutuletea ampelekee yule fomeni wake asome mistari ya kazi. Fomeni akamfutia miwili.

Ni mimi mzee wenu,
Mhandisi mstaafu, Dar es Salaam