Magodoro ishirini na posa ya Zuhura

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepoa, baridi ni ile ile. Fedha za mabati nimezituma Ijumaa kwa jina la Ali. Akuoneshe risiti.

Sauti uliyonitumia juzi, kwamba mdogo wangu Zuhura asiolewe kabla yangu, nimeisikiliza mara tatu, na nitaijibu. Lakini kwanza nikupe habari yangu, maana tangu nifike Leicester sijapata furaha kama hii.

Kuna kikundi cha watu wa mtaa wetu wanaoigiza kwenye ukumbi mdogo, viti sitini, piano moja, basi. Mwaka huu wameufufua mchezo wa nyimbo na vichekesho uitwao Once Upon a Mattress. Ulianza New York mwaka 1959, muziki wake umetungwa na mwanamke, Mary Rodgers, na ndio uliompandisha jina mchekeshaji Carol Burnett. Kule Marekani wanafunzi huucheza sana, huku Uingereza ni nadra kuuona. Kisa ni kile cha Andersen, mtunzi wa hadithi wa Denmark, ambacho Nana angekianza kwa paukwa: malkia anamlaza msichana juu ya magodoro ishirini, na chini kabisa ameficha punje moja ya njegere. Akishikwa na usingizi, basi si binti mfalme wa kweli, na mwana wa mfalme hapewi.

Magodoro ishirini, Mama! Mwongozaji alitaka sanduku la mbao lipakwe rangi mistari mistari. Nikamwambia hapana, mimi ni mtoto wa fundi magodoro wa Kibokoni, Mombasa, nipe kitambaa na wiki tatu.

Nimeyashona yote kwa mkono, usiku, jikoni. Magodoro ya kawaida yangegonga dari, kwa hiyo kila moja nililifanya la unene wa vidole vinne, ndani sponji, kwa kuwa sufi huku sikuipata. Kingo nilizibana kwa mshono wa Baba, ule unaosimamisha ubavu wa godoro kama ukuta: sindano ya shazia inaingia mshazari, inatokea chini, unavuta mpaka uzi unalia. Kisha nikayaunga mawili mawili kwa vifungo vya ndani, yasiteleze msichana akipanda ngazi. Moja nililiacha na mdomo ubavuni, kwa sababu wale wanaompenda binti huyo wanalijaza mikuki na kofia za chuma kwa siri, ili asipate usingizi hata akitaka. (Mwambie Ali shazia ya Baba ninayo mimi, niliitia mkobani siku ya safari. Aache kumshuku mtoto wa jirani.)

Saa nyingine nilikuwa nikivuta uzi nasikia kabisa adhana ya msikiti wa Mandhry, na Baba akikohoa barazani, na wewe ukiniita nije nile mahamri kabla hayajapoa. Nikiinua kichwa, dirisha jeusi, mvua.

Njegere waliyonunua ilikuwa ya friza, ikapondeka mazoezini. Nikatoa mbaazi moja kavu katika kopo ulilonipa. Basi usiku wote sita, kilichoinuliwa mbele ya taa watu wakiangalia ni mbaazi yako.

Pazia lilipofunguka na kitanda kikaonekana, watu walipiga makofi kabla mtu hajaimba. Wanapigia makofi kitanda! Kwenye karatasi ya majina wameandika jina langu na la Baba nyuma yake, kama nilivyowaomba. Nimeitia humu. Iweke karibu na picha yake.

Sasa la Zuhura. Katika mchezo huo kuna amri: hakuna mtu nchini atakayeoa wala kuolewa mpaka mwana wa mfalme apate mke. Wapenzi wapo, wamekaa wanangoja. Ukumbi mzima hucheka. Usiku wa kwanza nilicheka nao. Wa pili sikuweza.

Sikufananishi na malkia yule, Mama, Mungu apishe mbali. Yeye hataki mwanawe amtoke mkononi. Wewe unanionea uchungu mimi, unaogopa watu wasije wakasema mkubwa ana kasoro ndiyo maana mdogo amempita. Najua. Lakini kijana wa Kisauni ameleta posa mara mbili, na mara mbili Mjomba amemrudisha kwa jina langu. Kwa jina langu, nami sikuulizwa! Hilo limeniuma kuliko jambo lolote mwaka huu. Ndoa yangu ikiwa imeandikwa itanikuta hapa au huko, na haikufungwa kamba moja na ya mdogo wangu.

Na wewe mwenyewe uliolewa kabla ya Mama mkubwa. Nana alikubali. Mama mkubwa akaja kuolewa Lamu miaka minne baadaye, na leo ana wajukuu. Mbona kwetu sisi iwe vigumu?

Mfalme wa mchezo ni bubu, sauti yake imefungwa kwa laana, anazungumza kwa mikono. Kila akiingia nilimwona Baba baada ya kile kiharusi, mkono mmoja ukitueleza jambo nasi tunabishana amesema nini. Mwishoni mfalme anapata sauti, na neno lake linafuatwa. Hapo nililia nyuma ya pazia, kila usiku, mpaka taa zikazimwa. Baba angemkubali yule kijana, Mama. Wewe wajua.

Mwambie Mjomba amwite. Mchele na nyama ya harusi juu yangu, nimeshaanza kuweka. Na kitanda cha Zuhura kipimwe urefu na upana, nitumiwe vipimo. Godoro lake nitalishona mwenyewe, la sufi, pale barazani pa Baba. Nakuja kaskazi ikianza. Ali anunue sufi mapema, na asikubali yenye mbegu.

Mwanao,
Mwanaidi