Mtoto wa miaka 15 hana fungu kwenye bajeti

Ndugu Mhariri,

Kila panya road, yaani magenge ya vijana wanaopora watu kwa mapanga, wanapoibuka Dar es Salaam, mambo hufuata mkondo uleule. Watu wanaporwa na kukatwa mapanga, picha zinasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, mkuu wa mkoa anaitisha kikao, polisi wanafanya msako, vijana wanajazwa kwenye karandinga, na baada ya wiki chache kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Ilikuwa hivyo Januari 2015, jiji lilipokumbwa na taharuki watu wakafunga maduka na kukimbilia majumbani. Ikawa hivyo tena 2022, kuanzia Zingiziwa na Tabata hadi Septemba, mwanafunzi wa chuo alipouawa Kawe na siku chache baadaye polisi wakatangaza kuwa watuhumiwa wameuawa kwa risasi. Mtaani watu walishangilia. Mtu aliyelala mwezi mzima na panga uvunguni huwezi kumlaumu kwa hilo.

Siandiki kupinga msako. Anayevunja mlango wa watu usiku akamatwe. Ninachotaka kujua ni kingine: kabla huyo mtoto hajashika panga, serikali ilitenga shilingi ngapi kwa ajili yake?

Fedha za vijana zipo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, na kwa halmashauri za Dar es Salaam zenye ushuru na leseni za kila aina, hizo si fedha za kubeza. Lakini kijana anayetambuliwa na mikopo hiyo anaanzia miaka 18, awe kwenye kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti benki na andiko la mradi. Wakati watoto tunaowaona wakishushwa kwenye karandinga wamejifunika nyuso na fulana wana miaka 15, 16, 17. Kwa hiyo kijana wetu akimaliza darasa la saba na miaka 13 au 14 na kuishia hapo, au akaacha shule kidato cha pili, ana miaka mitatu au minne ambayo hayumo kwenye daftari la mtu yeyote isipokuwa la polisi.

Ngoja nieleze hiyo miaka inavyokwenda, kwa sababu mimi ni mkazi wa Mbagala na naiona kila siku. Mtoto anaanza kuokota chuma chakavu. Hapo hana kosa, anatafuta hela ya kula. Mnunuzi ana mzani wake chini ya mwembe, anapima kilo, analipa, hana swali. Wiki ya kwanza ni makopo na vipande vya nondo. Baadaye kinakuja kitasa, kinakuja koki, inakuja mita ya maji iliyong'olewa ukutani, unakuja mfuniko wa mtaro wa barabarani, na mzani ni uleule na swali bado hakuna. Hela ikishaingia mkononi, hatua kumi kutoka hapo kuna mashine ya dubwi inayomeza sarafu za mia mbili. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini ile mashine haina macho. Jioni kuna kijiwe, kuna kaka mkubwa mwenye simu kali anayenunulia wenzake chipsi. Huyo ndiye afisa maendeleo ya jamii wao. Anawajua majina, anajua nani hajala, anajua nani kapigwa na baba wa kambo. Usiku akiwaambia twende, wanakwenda.

Na yule mwenye mzani, mtu mzima mwenye leseni, hata siku moja sijasikia amewekwa kwenye hilo karandinga. Hilo nalitaja pembeni tu.

Niliwahi kuwapo kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mmoja wakati mama, muuza maandazi, alipomleta mwanawe. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, kandambili mkononi, anaangalia sakafu. Mama hakuja kushitaki. Alisema, "Huyu ameanza kurudi saa nane usiku na hela nisiyoijua, nisaidieni kabla hajauawa." Mtendaji alikuwa mwungwana, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua droo, akatoa fomu ya mikopo ya vijana, akaisoma, akairudisha. Akamwambia mama hapa ni polisi au aende ustawi wa jamii wilayani. Polisi mama hakutaka. Wilayani ni nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili na siku moja bila kukaanga maandazi. Akashukuru, wakaondoka. Watumishi wa pale hawakufanya ubaya wowote. Hawakuwa na pa kumpeleka.

Ukitazama sheria zetu, utadhani mahali hapo papo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lao. Inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Badala yake mahakama inaweza kumpeleka shule ya maadilisho, na kwa Tanzania Bara shule hiyo ni moja tu, Irambo, Mbeya. Mtoto wa Temeke akipelekwa huko, yuko zaidi ya kilomita 800 kutoka kwa mama yake. Na hayo yote yanakuja akishafikishwa mahakamani, maana yake kuna mtu kashaumizwa. Temeke iliwahi kuwa wilaya ya majaribio ya mpango wa kurekebisha watoto wakiwa nyumbani kwao, chini ya maofisa ustawi na kwa msaada wa wafadhili. Kuna pia IPOSA ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa vijana wa miaka 14 hadi 19 walio nje ya shule, wanaojifunza ushonaji, umeme na ufundi mwingine pamoja na kusoma. Hivi ndivyo vitu ninavyovitaka. Shida ni kwamba vimekaa kama miradi, vinategemea mfadhili na vituo vichache, wakati doria na magari ya polisi yana fungu lake kila mwaka bila mtu kuandika andiko la mradi.

Watu wataniuliza kama kinga ya namna hii, ya kumwahi mtoto kabla ya kosa, inafanya kazi kweli au ni semina na posho. Swali la haki, maana kuna kinga zisizofaa kitu. Marekani, kuanzia miaka ya 1970, walikuwa wakiwapeleka watoto watukutu gereza la Rahway, New Jersey, wafokewe na wafungwa wa maisha ili waogope. Ilipendwa sana, ikaonyeshwa hadi kwenye televisheni. Watafiti walipokuja kuwalinganisha na watoto wa aina yao ambao hawakupelekwa, waliotishwa ndio waliofanya makosa zaidi. Nalisema hili kwa sababu kila baada ya tukio hapa kwetu husikia kiongozi akipendekeza kitu cha namna hiyo: wachapwe hadharani, watembezwe gerezani.

Mfano wa pili nao ni wa Marekani. Mwaka 2012 jiji la Chicago lilichukua vijana 1,634 kutoka shule 13 za maeneo yenye vurugu nyingi, likachagua kwa bahati nasibu nani apate kazi ya likizo na nani asipate. Waliopata walilipwa kwa wiki nane, saa 25 kwa wiki, mshahara wa kima cha chini. Hazikuwa kazi za ajabu: kambi za watoto, bustani, ofisi za jamii. Kila vijana kumi hivi walikuwa na mtu mzima mmoja wa kuwasimamia. Kwa miezi 16 iliyofuata, kukamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu kulipungua kwa asilimia 43 miongoni mwa waliopewa nafasi, ukilinganisha na wenzao. Kilichonivutia ni kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokea baada ya likizo kwisha, kazi zimeshafungwa. Kwa hiyo huwezi kusema walikuwa tu na shughuli hawakupata muda wa kupigana. Kuna kitu kiliwabaki. Wizi wa kawaida, ni lazima niseme, haukupungua kwa kiasi cha kuonekana. Lakini kinachotuamsha usiku Mbagala si kuku aliyeibwa, ni panga.

Atakayesema Chicago ni mbali na wana hela, aende Monrovia. Liberia ilikuwa imetoka vitani. Wanaume 999, wengi wao wezi na wauza unga, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi wakapata wiki nane za mafunzo ya kutawala hasira na kubadili mwenendo, baadhi dola 200, baadhi vyote viwili. Miaka kumi baadaye waliopata vyote viwili walikuwa wamepunguza wizi, biashara ya unga na makosa mengine ya aina hiyo kwa karibu nusu. Hao walikuwa watu wazima waliokwisha kukomaa katika uhalifu. Mtoto wa miaka 15 anayesimama mlangoni na kandambili mkononi ni rahisi zaidi kumgeuza.

Kwa hiyo pendekezo langu si la makongamano. Likizo za Juni na Desemba, kila kata iwe na kazi za malipo kwa watoto wa miaka 14 hadi 17 wanaotajwa na wajumbe wa mashina na walimu kuwa wameanza kuteleza. Sheria ya Mtoto inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na kazi hizo zipo: kupanda na kumwagilia miti ya shule, kupaka rangi madarasa, kusajili vitabu maktaba, kusaidia kwenye zahanati. Si kuzibua mitaro yenye maji machafu, hiyo waachiwe watu wazima wenye mabuti. Walio nje ya shule kabisa waunganishwe na IPOSA mwaka mzima. Na kila kata iwe na afisa ustawi ambaye kazi yake ni hiyo, mwenye nauli na simu, anayefika kijiweni mara kwa mara kuliko yule kaka wa chipsi.

Najua hofu ya wengi: zitaliwa. Mikopo ya asilimia 10 yenyewe ilisitishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuanika vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikaja kurejeshwa kwa utaratibu mpya. Lakini ujira wa siku ni rahisi kuukagua kuliko mkopo. Orodha ya majina na siku zilizofanyiwa kazi ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa, sote tunawajua hao watoto. Jina hewa litaonekana kabla ya chai ya saa nne.

Wengine watasema malezi ni ya mzazi. Ni kweli. Yule mama wa maandazi aliyatimiza ya kwake, akamleta mtoto mwenyewe kwa miguu yake.

Sisi wenyewe tunachanga kila mwezi kwa ulinzi shirikishi, tunanunua tochi, filimbi na marungu, na hatujawahi kuulizwa kama sehemu ya mchango huo ingefaa kumlipa mtoto wa jirani apake rangi darasa. Mimi ningekubali, na najua wengi wangekubali. Ila mchango wa mtaa hauwezi kubeba kazi ya halmashauri.

Bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai haianzii bungeni. Inaanzia kwenye vikao vya mitaa, inapita kamati ya maendeleo ya kata, inafika baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka. Naomba madiwani wa Temeke, na wa Ilala, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni, watuambie kwenye vikao hivyo ni fungu lipi, namba ipi, na shilingi ngapi, limeandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka 14 hadi 17 asiye shuleni. Kama ni sifuri, liandikwe sifuri na lisomwe kwa sauti.

Wako msomaji,
Mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam