Tuambieni wali umepikwa saa ngapi

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee na wenye mahoteli hapa tauni, hasa hizi za kutoka Tom Mboya kushuka mpaka River Road, kwa sababu huko ndio sisi wafanyikazi tunakula kila siku.

Jumanne wiki iliyopita kazi ilinishika sikupata lanchi, nikaingia hoteli moja saa kumi jioni nikaitisha pilau. Nikaona sahani inakuja haina hata mvuke, nikamuuliza weita, kijana tu mdogo, hii imepikwa saa ngapi? Akasema "imetoka jikoni saa hii mkubwa." Nilipoonja ilikuwa vuguvugu kama maji ya kuogesha mtoto, na kachumbari ilikuwa imelegea imetoa maji mpaka yakaingia kwa wali. Lakini njaa ni njaa, nikakula yote. Saa mbili usiku niko chooni natapika, nilitapika mpaka ikabaki nyongo, na asubuhi bibi yangu akanipeleka kliniki nikawekewa maji.

Alhamisi nilirudi pale, sio kutafuta vita, nilitaka tu wajue ndio mwingine asiumie. Msimamizi hata hakuniangalia usoni, alinionyesha ukuta, cheti si hicho hapo, sisi tumepimwa. Na ni kweli kilikuwa pale kwa fremu na siku zake hazijaisha. Nikitoka yule kijana akanifuata mpaka mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole mzee, ile pilau ilikuwa ya saa nne asubuhi. Tumeambiwa tuseme ni freshi."

Sasa hapo ndio nataka tuongee. Hicho cheti mpishi anapimwa kila miezi 6 ijulikane hana taifodi wala minyoo, na ni kitu kizuri, lakini hakisemi chochote kuhusu sufuria. Daktari alinieleza kuna bakteria inakaa kwa mchele inaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia hata maji yakichemka, wali ukikaa masaa mengi bila moto zinaamka zinazaana na kuacha sumu, na sumu hiyo hata ukipasha chakula tena haiishi. Yaani ile kurudisha sahani jikoni wakupashie haisaidii. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa 2, na kama kinangoja kastoma kiwe na moto wa kuzidi digrii 60. Saa nne mpaka saa kumi ni masaa 6!

Najua gesi na makaa ni ghali, sikatai. Lakini mama wa kibanda tunayemnunulia kule Industrial Area hana fremu wala ukuta wa kuweka fremu, anapika sufuria moja ya wali na moja ya madondo, ikifika saa nane zimeisha, anaosha vyombo anaenda zake nyumbani. Miaka yote sijawahi kuumwa na tumbo kwa sababu ya chakula chake, manake hakipati nafasi ya kulala. Hata hoteli kubwa inaweza, pika nusu, ile ikikaribia kuisha weka nyingine, na inayobaki ikae juu ya jiko, sio juu ya kaunta imefunikwa na nailoni.

Na mkiulizwa semeni ukweli. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu kile ananunua, na pia afya yake ilindwe. Weita akiniambia hii ni ya asubuhi, ngoja dakika 20 kuna ingine inaiva, nitangoja, ama niitishe chapo na chai, na kesho nitarudi hapo hapo kwa sababu sikudanganywa. Yule kijana anajua ukweli na alikuwa anataka kuusema, mbona alazimishwe kudanganya ndio asifutwe kazi?

Nanyi maafisa wa afya wa kaunti, kila mara nikiwaona mnaingia hotelini ni asubuhi, mnaangalia vyeti ukutani. Njooni saa kumi jioni mfunue hizo sufuria muweke kipimajoto ndani.

Msomaji wenu,
Kayole, Nairobi